"Mazembe wa kwanza, Vita wa pili": pronostiki zetu zinatusaidia nini?

Ba yaya na baleki, kila mwanzo wa msimu wa Linafoot inakuwa ile ile. Wiki mbili mbele ya mechi ya kwanza simu zinajaa pronostiki. Mmoja anaandika klasema nzima, kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho. Mwengine anaweka picha ya kombe na jina la ekipe yake, basi, amemaliza. Wa tatu anatoa maelezo ya mistari kumi, na katika hiyo kumi, tisa ni historia ya 1967. Nimezisoma nyingi, na nyingi ni za wasomi wenzetu, watu walioandika TFC, waliosimama mbele ya jury wakaulizwa "methodi yako ni gani?" wakatoka jasho. Nataka kuzisoma leo sawa vile tunasoma kitabu ao filamu: zinasema nini, zinaficha nini, na nani analipa zikianguka.

Tuanze na ile rahisi, Mazembe. Ukihesabu misimu kutoka 2011 mpaka ule wa 2021-2022, ni misimu 12. Mazembe ilibeba 9. Vita Club ilibeba 3: 2014-2015, 2017-2018 na 2020-2021. Wengine wote, sifuri. Sasa chukua mtoto wa miaka sita kule kwetu Isangi, pale Lomami inaingia mu mto mkubwa, mtoto anayejua jina moja tu la ekipe juu baba yake ana kalenda ya Mazembe ukutani. Kila mwaka umuulize nani atakuwa bingwa, atajibu "Mazembe". Mtoto huyo anapata 9 juu ya 12. Ni 75 kwa mia, ba yaya. Kwenye fakilte yetu hiyo inaitwa distinction.

Kwa hiyo mtu akikuja kutuambia "niliwaambia Mazembe, mkanicheka", swali si kama alipata. Swali ni kama alimshinda yule mtoto. Pronostiki yenye thamani inaanza pale inapoachana na jibu la mtoto, na inatoa sababu ya kuachana naye. Nyingi za zetu haziachani naye hata kidogo. Zinavaa tu koti na kravati.

Na wale wanaoachana naye, wengi wanafanya kwa njia mbaya zaidi. Angalia ile miaka ya Vita: 2015, 2018, 2021. Kila miaka mitatu. Unaweza kuwaza namna watu waliishika hiyo. Vita inabeba kila miaka mitatu, kwa hiyo 2024 ni yao, imeandikwa! 2024 ikafika, Mazembe ikabeba, na Maniema Union ya Kindu ikawa nyuma yake. Namba tatu zikipangana vizuri hazijakuwa sheria. Ukirusha sarafu mara kumi na mbili utapata mipango mizuri kuliko hiyo. Lakini sisi watu wa tarakimu tunapenda mpango, unatupa hisia kwamba tumegundua kitu, na huyo aliyegundua hatauliza tena nani ameondoka, nani ameingia, antreneri ni nani.

Hapo ninataka kukaa kidogo, juu sipendi mtu aseme kwamba kutabiri mpira ni bure. Si bure. Chukua Vita hiyo hiyo ya 2021. Ilikuwa bingwa. Kisha katika miezi michache Florent Ibenge, antreneri aliyeijenga kwa miaka, akaenda Berkane kule Moroko. Fiston Mayele, mfungaji, akaenda Yanga ya Dar es Salaam. Djuma Shabani, beki wa kulia, naye Yanga. Mtu aliyekaa chini mwanzo wa msimu 2021-2022 akaandika kwenye karatasi majina matatu hayo, hakuhitaji ndoto ya usiku. Angesema: Vita haitatetea kombe, na sababu ni hizi. Na haikutetea. Ibenge akabeba kombe la Shirikisho la CAF na Berkane 2022, Mayele akawa jina kubwa la Tanzania, kisha akaenda Pyramids ya Misri na akabeba Ligi ya Mabingwa 2025. Ile nguvu ilikuwa kweli, ila ilikuwa imehama. Lakini pronostiki nyingi za zamani zile, nazikumbuka vizuri, zilikuwa zinaandika "Vita, bingwa mtetezi, ekipe ya kuogopesha". Ziliangalia rangi ya maillot, hazikuangalia nani yuko ndani.

Tuende mbali kidogo. Kuna mchezo ambao sisi hatuuchezi, besiboli ya Marekani. Sitawafundisha sheria zake, mimi mwenyewe nilichukua muda kuelewa juu gani mtu anakimbia. Ninachotaka ni kitu kimoja: pale ekipe 30, kila moja inacheza mechi 162 katika msimu mmoja. Mia moja sitini na mbili! Ekipe nzuri kabisa inapoteza mara 50, 60, na hakuna anayelia. Juu ya wingi huo wa mechi, bahati inachoka na uwezo unaonekana. Njo maana wale watu wamejenga mashine za kutabiri. Moja inajulikana sana, jina lake PECOTA, ilitengenezwa na Nate Silver na ikaanza kutolewa na Baseball Prospectus mwaka 2003. Kila mbele ya msimu inachukua wachezaji mmoja mmoja, umri wao, namba zao, inawalinganisha na wachezaji wa zamani waliofanana nao, kisha inasema ekipe hii itashinda mechi ngapi.

Mwaka 2007 ilisema White Sox wa Chicago watashinda 72 na kupoteza 90. Mashabiki wakakasirika, juu ekipe hiyo ilikuwa imebeba ubingwa 2005. Msimu ukaisha: walishinda 72, walipoteza 90. Kamili. Miaka minane nyuma yake, 2015, mashine hiyo hiyo ikasema Kansas City Royals watashinda 72 na kupoteza 90, namba zile zile. Royals wakashinda 95, na wakabeba ubingwa wote.

Nini kinanifurahisha hapo? Si ile 2007. Kupata kamili ni bahati nayo, mashine yenyewe haingedai kinyume. Kinachonifurahisha ni kwamba leo, miaka mingi nyuma, mimi niko Tshopo na ninaweza kujua ilisema 72 na ikakosa kwa mechi 23. Iliandikwa na haikufutwa. Watu wakaitumia kuwacheka, nao wakarudi kwenye hesabu yao kutafuta ni kitu gani cha Royals mashine haikuona. Pronostiki yetu sisi inafutwa siku ekipe inapopoteza mechi ya tatu. Ao haifutwi, lakini iliandikwa kwa namna ambayo haiwezi kukosa: "Mazembe wana nafasi, lakini Vita si wa kudharau, na Lupopo wanaweza kushangaza." Huyo bwana ametabiri nini? Ametaja ekipe tatu, akafunga mlango kwa nje na kwa ndani. Akipata atasema nilisema, akikosa atasema nilisema pia.

Kuna dawa ya hiyo, na haihitaji kompyuta. Useme namba. Mazembe 60 kwa mia, Vita 15, na kuendelea. Mmarekani mmoja wa mambo ya hali ya hewa, Glenn Brier, aliandika mwaka 1950 namna ya kupima watu wanaosema "mvua kesho 70 kwa mia". Chukua namba uliyosema, uiweke kama sehemu ya 1. Kitu kikitokea, kweli ni 1. Kisipotokea, kweli ni 0. Toa, kisha uzidishe tofauti kwa yenyewe. Aliye na kosa dogo njo mzuri.

Tujaribu na ile misimu 12. Yaya wa kwanza ni mwenye sauti, kila mwaka anasema Mazembe 100 kwa mia. Mara 9 kosa lake ni 0. Mara 3 kosa ni 1. Jumla 3, gawanya kwa 12: 0.25. Yaya wa pili, mpole, kila mwaka anasema Mazembe 75. Mara 9 kosa lake ni 0.25 mara 0.25, ni 0.0625. Mara 3 kosa ni 0.75 mara 0.75, ni 0.5625. Jumla 2.25, gawanya kwa 12: 0.1875. Wote wawili walitaja ekipe moja, miaka yote. Lakini mpole ana kosa dogo kuliko mwenye sauti. (Mtu wa statistiki ataniambia: hiyo 75 umeijua juu umeshaona matokeo. Ni kweli. Weka 65 ao 85, ufanye hesabu mwenyewe, mpole anashinda tu.) Kule kwetu mwenye sauti njo anapata wafuasi.

Sasa tufike kwenye ile inayoniuma kabisa. Pronostiki zetu zinatabiri kana kwamba Linafoot ni shampiona ya Ufaransa: kila ekipe itacheza mechi zake zote, kwa tarehe zake, kwenye uwanja wake, na mwisho klasema itakuwa klasema. Nani kati yetu ameona msimu wa namna hiyo? Msimu wa 2019-2020 ulikatwa na COVID, Mazembe wakatangazwa mabingwa. Msimu wa 2022-2023 haukumalizika, haukuwa na bingwa. FIFA ikaweka komite ya kunormaliza FECOFA mwaka huo huo wa 2023. Kisha mwisho wa Januari 2025 Goma ikaingia mikononi mwa M23, na katikati ya Februari ikawa Bukavu. Goma ni mji wa Dauphin Noir. Bukavu ni mji wa Bukavu Dawa na Muungano. Mbele ya msimu ule watu walikuwa wanajadili nani atamaliza wa sita na nani wa nane. Sikuona pronostiki hata moja yenye mstari unaosema: na ekipe za mashariki, je, zitakuwa na uwanja wa nyumbani mwezi wa pili?

Mtu atasema vita haitabiriki. Siku yake, ndiyo, haitabiriki. Lakini kwamba kuna hatari, hiyo ilionekana na kila mama wa soko mwenye ndugu Kivu. Wageniya pale kwenye maporomoko hawajui samaki atapita wapi asubuhi hii, lakini wanajua maji yakipanda vikapu vinaenda upande gani. Mchambuzi wetu hajui maji yamepanda.

Na si vita tu. Ekipe ya Kisangani ikipanda daraja, kwenda kucheza Lubumbashi ni zaidi ya kilometa 1,000, na kwa hali ya barabara zetu hiyo ni ndege. Ndege ni feza. Feza ni prezida wa kilabu ao gavana, na siku yenyewe mnaweza kulala Bangoka mkingojea. Mchezaji aliyeshuka jana usiku, aliyekula vibaya, hachezi sawa na yule aliyelala kwake. Mazembe ina uwanja wake Kamalondo tangu 2011. Hiyo peke yake ni pointi, na ni pointi ambazo mtu anaweza kuzihesabu mbele ya msimu: nani anacheza nyumbani kweli, nani anacheza "nyumbani" mu mji wa watu, nani analipa mishahara, nani ameanza msimu na madeni ya wachezaji. Mfumo wenyewe pia, makundi mawili kisha play-off, unafupisha mambo. Mechi chache, bahati nyingi. Katika mechi chache za play-off, ekipe ya kwanza na ya nne zinaweza kubadilishana nafasi kwa penalti moja ya refarii. Kule kwenye mechi 162 hiyo penalti ingezama. Huku kwetu inaamua kombe. Kwa hiyo sisi ndio tungepaswa kuwa wapole zaidi ya Wamarekani, na sisi ndio tunapiga kelele zaidi.

Matokeo yake yalikuja 2024-2025. Kombe likaenda kwa Aigles du Congo, ekipe changa ya Kinshasa, mara yao ya kwanza. Kwenye Ligi ya Mabingwa ya Afrika iliyofuata, RDC ikawakilishwa na Aigles na Lupopo. Mazembe, mabingwa wa Afrika mara tano, hawakuwemo. Nilitafuta mu zile pronostiki za mwanzo wa msimu Aigles wako wapi. Wengi waliwaweka katikati, na neno moja pembeni: "outsider". Juu gani? Juu hawana 1967. Hawana wimbo wa wazee. Mtu anayetabiri kwa historia hana chombo cha kumpima asiye na historia, kwa hiyo anamweka pale ambapo hatamsumbua.

Ni kile kile kinachofanyiwa Malekesa na Nika wetu kila wanapopata nafasi juu. "Malekesa: kujiokoa." Maneno mawili, kisha tunapita. Na kinachonichoma ni kwamba wanaoandika hivyo wengine wamezaliwa Makiso, wengine Tshopo, wamekalia ngazi za Stadi Lumumba utoto wao wote. Wanajua mchezaji gani wa Kinshasa amenunua gari, hawajui kipa wa Malekesa ni nani. Kama sisi wasomi wa hapa hatuandiki aya mbili juu ya ekipe ya hapa, hakuna mtu wa Kinshasa atakayeziandika.

Ningeweza kuacha hapo na kusema ni mchezo, tucheke. Lakini kuna feza. Nenda karibu na home yoyote ya wanafunzi jioni, uone vibanda vya pari. Vijana wanashika tiketi ya mechi nane, wanahitaji zote nane zipite. Wakiulizwa wamechagua namna gani, wanaonyesha simu: "yaya fulani ameandika". Ninamjua finalisti mmoja ambaye sehemu ya minervali yake iliisha hivyo, na aliyoifuata ilikuwa pronostiki ya mtu wa kwetu, lisansie, mwenye maneno mazuri. Mwandishi hakumwambia aweke pari. Aliandika tu "asilimia 100, mtaniambia". Finalisti huyo aliweka kwenye tiketi yake mechi nane, kila moja akiiona ni 80 kwa mia. Wanafunzi wa hesabu, zidisheni 0.8 mara nane: inatoka karibu 0.17. Tiketi iliyokuwa "sure" ilikuwa na nafasi 17 juu ya 100. Yule mwenye kuandika alikuwa anaijua hesabu hiyo, ameifanya mwaka wa kwanza, na hakuiweka.

Ndiyo maana siwezi kuzisoma hizi pronostiki kama utani wa mashabiki. Shabiki wa Vita akiandika "Vita tutawala" ni sawa, huo ni moyo wake, hakuna anayedanganyika. Lakini mtu akiweka jina lake, diploma yake, klasema na majedwali, anakopa uaminifu wa masomo yake. Na anayekuja kulipa ni kijana aliyeko chini yake.

Basi ili msiseme ninachambua tu, hii ni ya kwangu kwa msimu unaokuja. Mazembe 38 kwa mia. Lupopo 20, hawajabeba tangu 2002 lakini sasa wanalipa wachezaji na wana haraka. Aigles 14. Maniema Union 12, juu walicheza makundi ya Ligi ya Mabingwa 2024-2025 mbele ya Raja, FAR na Sundowns, hawakupita lakini hawakuwa watu wa kupondwa. Vita 9. Waliobaki wote pamoja, 7. Na mbele ya hizo zote, namba ambayo sijaiona kwa mtu: kwamba msimu utamalizika mechi zote kama kalendrie ilivyotoka, ninaweka 45.

Nimeziandika kwenye karatasi, nimemwachia katibu wa asosiasio. Nikifuta hapa, anayo. Anayetaka kushindana nami alete namba zake zinazojumlisha 100, na kama ana ekipe ya Kisangani ndani ya zile 7 zangu, alete sababu, jina kwa jina, kuanzia kipa.